Picha ipo, sauti haipo: mwongozo kamili wa kutafuta hitilafu kati ya dikoda na TV

Dikoda imewaka, picha ni safi, mtangazaji anafungua na kufunga mdomo, lakini sebule nzima kimya. Hapo wengi Nairobi hufanya moja kati ya mambo mawili: hukimbilia Luthuli Avenue kununua waya mpya wa HDMI, au humpigia simu fundi wa dishi. Mara nyingi hakuna hata kimoja kinachohitajika. Sauti hupotea kwa sababu chache tu, na iliyokupata wewe inategemea kwanza aina ya waya uliotumia. Kwa hivyo kabla ya kushika rimoti, chungulia nyuma ya TV uone umechomeka nini na wapi.

Maelezo haya yanafaa kwa dikoda za dishi kama DStv, za antena kama GOtv, za waya kama Zuku, na zile za chaneli za bure ambazo hazilipiwi kila mwezi. Majina ya menyu hutofautiana, lakini njia inayopitiwa na sauti ni ileile.

Kwanza jua bubu ni nani

Usibadilishe chochote bado. Anza na TV yenyewe. Bonyeza SOURCE au INPUT kwenye rimoti ya TV, uondoke kwenye dikoda ucheze kitu kingine: wimbo kutoka kwa flashi, YouTube kama TV ina intaneti, au chaneli za antena kama TV yako ina kipokezi chake cha dijitali. Ukisikia sauti, spika za TV ni nzima na hitilafu iko kati ya tundu ulilochomeka na dikoda. Usiposikia kitu, dikoda haina kosa. Achana nayo ushughulikie TV.

TV ikiwa ndiyo bubu, mambo ya kuangalia si mengi. Ingia kwenye mipangilio ya sauti utafute mahali palipoandikwa Sound Output, Sound Out au Speakers. Hakikisha pamechaguliwa TV Speaker, si Bluetooth, si Optical, si ARC. TV za kisasa hukumbuka spika ya Bluetooth iliyounganishwa mwezi uliopita na kuendelea kuipelekea sauti hata kama spika yenyewe ilishapelekwa kwa jirani. Kisha angalia tundu la hedifoni. Likiwa na kitu ndani, spika hunyamaza. Lisipokuwa na kitu lakini limeingia vumbi au kutu, kibati kidogo cha ndani hukwama na TV hudhani hedifoni bado ipo. Ingiza na kutoa pini ya hedifoni mara kumi hivi; aghalabu huachia.

Kwa walionunua TV ya mitumba iliyotoka hotelini kuna mtego mwingine: hali ya hoteli, ambayo hufunga kiwango cha juu cha sauti. Ukiongeza sauti na mstari ukakwama chini, shaka hilo kwanza. Namna ya kuingia kwenye menyu hiyo iliyofichwa hutofautiana kwa kila kampuni, na fundi wa TV hulimaliza haraka.

Jaribio la pili ni chaneli. Pitia chaneli kadhaa, ukichanganya za kawaida na za HD, na kama dikoda ina stesheni za redio, fungua moja. Zote zikiwa kimya, ni muunganisho au mipangilio. Zikiwa kimya baadhi tu, hasa za sinema na michezo za HD, ruka hadi sehemu ya "Chaneli za HD kimya" hapa chini. Ikiwa ni moja pekee, bonyeza kitufe cha lugha au AUDIO kwenye rimoti ya dikoda. Chaneli nyingine hubeba njia mbili za sauti, kwa mfano lugha mbili, na ile uliyochagua inaweza kuwa tupu kwa kipindi hicho. Kwenye dikoda za bure kitufe hicho pia hubadilisha kati ya kushoto, kulia na stereo. Kuna vituo vinavyoweka lugha moja kushoto na nyingine kulia, au vinavyotumia upande mmoja tu. Mtoto akibonyeza hapo bila kujua, nyumba nzima inabaki kutazama midomo.

Jaribio la tatu ni sauti ya dikoda yenyewe. Dikoda nyingi zina kiwango chao cha sauti kisichohusiana na cha TV, na kitufe chao cha kunyamazisha. Ishike rimoti ya dikoda, si ya TV, uongeze sauti hadi karibu na mwisho. Iache hapo moja kwa moja, kisha tumia rimoti ya TV kupandisha na kushusha. Ukifanya kinyume, dikoda chini na TV juu kabisa, hata sauti ikipatikana itakuja na mvumo na mchakaricho.

Malipo yasikusumbue hapa. Ukikosa kulipia, dikoda huzuia picha na sauti pamoja, na kwa DStv utaona ujumbe wa E16. Mawimbi yakipotea utaona E48-32. Picha nzuri isiyo na sauti haina uhusiano na M-Pesa yako.

Ukitumia HDMI

Ndani ya waya wa HDMI mna pini 19, lakini sauti haina nyaya zake peke yake. Hupakiwa katika mapengo yaliyo kati ya mistari ya picha na kusafiri kwenye nyaya zilezile za picha. Ndiyo maana picha ikiwa safi, bila vidoti vinavyometameta wala skrini kuzimika na kurudi, ni nadra waya kuwa ndio umeua sauti. Waya wenye vichwa vya rangi ya dhahabu hautakuletea sauti ambayo waya wa kawaida uliikosa.

Isipokuwa kwa jambo moja. Pini ya 15 na ya 16 hazibebi picha. Dikoda huzitumia kuiuliza TV inaweza kuonyesha picha ya ukubwa gani na kupokea sauti ya aina gani. Dikoda isipopata jibu, huweza kuichukulia TV kama monita ya kizamani ya DVI, na kwa kuwa DVI kwa kawaida haibebi sauti, dikoda hutuma picha peke yake. Hilo hutokea kichwa cha waya kikiwa hakijaingia hadi mwisho, waya ukiwa umekunjwa kwa TV iliyosukumwa hadi ukutani, au pini ikiwa imelegea. Hutokea pia stima ikipotea na kurudi ghafla: TV na dikoda huamka pamoja, dikoda inauliza kabla TV haijawa tayari kujibu.

Dawa yake ni kuvifanya vifaa viwili visalimiane upya, kwa utaratibu huu:

1. Zima TV na dikoda kwenye soketi ya ukutani. Ukizima kwa rimoti vinasinzia tu.
2. Chomoa HDMI pande zote mbili. Tazama kichwa cha waya kwa tochi ya simu: vibati vya ndani viwe vimenyooka, pasiwe na kilichozama wala kilichobadilika rangi kwa joto.
3. Subiri dakika mbili, ili chaji iliyobaki ndani iishe.
4. Chomeka tena, upande wa TV ukitumia tundu lingine la HDMI. Sukuma hadi ukome.
5. Washa TV peke yake, chagua HDMI hiyo mpya, uiache itulie kama nusu dakika. Kisha washa dikoda.

Watu huruka hatua ya kwanza wakachomeka HDMI vitu vikiwa vimewaka. Ni tabia mbaya. Dikoda na TV nyingi zina plagi ya pini mbili, bila waya wa ardhini, na bodi zao za mwili huelea na chaji ndogo. Ukiwahi kugusa kichwa cha waya wa dishi ukahisi kutekenywa vidoleni, ndiyo hiyo. Kwako ni mtekenyo, lakini kwa chipu ya HDMI inatosha kuiunguza, na hapo ndipo bandari ya HDMI hufa kabisa huku TV nyingine yote ikiwa nzima.

Ukiona tundu moja la HDMI limeandikwa pia DVI, epukana nalo. Kwenye TV za miaka ya nyuma, tundu hilo huweza kuwekwa litarajie sauti kutoka tundu dogo la pembeni, si kwenye HDMI yenyewe. Ukilazimika kulitumia, tafuta kwenye menyu ya sauti sehemu inayochagua chanzo cha sauti ya HDMI, uiweke kwenye dijitali au otomatiki badala ya analogi.

Chaneli za HD kimya, nyingine zinasema

Hili ndilo linalowachanganya hata mafundi, nalo halihitaji bisibisi.

Dikoda huweza kutoa sauti kwa njia mbili. Ya kwanza ni PCM, sauti ya stereo iliyokwisha kufunguliwa, ambayo TV yoyote yenye HDMI huielewa. Ya pili ni sauti iliyofungwa, kama Dolby Digital, inayobeba hadi njia sita za sauti na kumwachia mpokeaji kazi ya kuifungua. Mpokeaji akikosa uwezo huo, hupati sauti mbaya wala iliyokatika. Unapata kimya kitupu. Na kwa sababu si kila chaneli hurushwa kwa Dolby, taarifa ya habari inasikika vizuri, unahamia kwenye mechi, kimya. Mtu akiona hivyo hulaumu kituo.

Ingia kwenye mipangilio ya dikoda, sehemu ya Audio au Sound. Ukikuta pameandikwa Dolby Digital, Bitstream, RAW au Auto, badilisha uweke PCM au Stereo. Hifadhi, toka, urudi kwenye chaneli iliyokuwa bubu. Ikiwa sauti haikuja papo hapo, zima dikoda kwenye soketi na kuiwasha.

Kwa TV yenye spika zake mbili hupotezi lolote kwa kuchagua PCM. Mwenye kupoteza ni yule aliye na mtambo wa sinema ya nyumbani wenye spika tano na wufa unaofungua Dolby wenyewe. Huyo aiache kama ilivyo, lakini mtambo uwe kati ya dikoda na TV, si baada ya TV.

Nyaya tatu: njano, nyeupe, nyekundu

TV za zamani zenye mgongo bado ni nyingi, na tangu Kenya ihamie matangazo ya dijitali mwaka wa 2015 zimeishi kwa nyaya hizi. Njano ni picha. Nyeupe ni sauti ya kushoto, nyekundu ya kulia. Hapa, tofauti na HDMI, picha na sauti zina nyaya tofauti kabisa, kwa hivyo picha kuwa nzuri hakuthibitishi lolote kuhusu sauti.

Kosa la kwanza la kutafuta: TV nyingi za namna hii zina mistari miwili ya matundu, AV IN na AV OUT, rangi zilezile. Njano ikiingia kwenye IN na nyeupe na nyekundu zikaingia kwenye OUT, utaona picha bila sauti. Soma maandishi, usifuate rangi tu. TV yenye spika moja huwa na tundu moja la sauti, mara nyingi limeandikwa L/MONO. Hapo chomeka nyeupe.

Kosa la pili ni la wenye TV bapa zilizo na matundu matano: kijani, buluu na nyekundu kwa picha, kisha nyeupe na nyekundu kwa sauti, yanayoitwa Component. Nyekundu ziko mbili. Ukichomeka ile ya sauti kwenye ya picha, utapata sauti ya upande mmoja. Kwenye TV nyingi njano haina tundu lake, huingia kwenye kijani, na ni lazima uchague AV kwenye SOURCE, si Component.

Ukishahakikisha matundu, upime waya bila kununua mwingine. Nyaya zote tatu ndani yake zinafanana vya kutosha kubadilishana kazi. Chomoa nyeupe, chukua waya wa njano uutumie kubeba sauti: upande mmoja kwenye tundu jeupe la dikoda, upande wa pili kwenye tundu jeupe la TV. Picha itapotea, lakini sauti ikisikika basi waya mweupe umekatika ndani, kwa kawaida pale unapoingia kwenye kichwa. Sauti isiposikika hata hivyo, waya si mkosaji. Rudi kwenye kiwango cha sauti cha dikoda, kisha mshuku utoaji wa sauti wa dikoda yenyewe.

Kichwa kikiwa kinacheza ndani ya tundu, kuna ile pete ya nje yenye mikato. Imekaa wazi. Ifinye kidogo kwa koleo, upande mmoja halafu mwingine, mpaka iume tundu. Pete hiyo ndiyo njia ya umeme wa sauti kurudi. Ikilegea unasikia mvumo mzito, na pini ya katikati isipogusa unapata kimya.

TV bapa yenye kitundu kidogo cha AV

TV nyembamba siku hizi hazina matundu matatu makubwa. Zina kitundu kimoja cha milimita 3.5 kilichoandikwa AV, na ndani ya katoni huwa na kijiwaya kifupi chenye pini nyeusi upande mmoja na matundu matatu ya rangi upande wa pili. Pini hiyo ina pete tatu nyeusi, yaani sehemu nne za kugusana: sauti mbili, picha, na njia ya kurudi. Shida ni kwamba watengenezaji hawakukubaliana ni ipi iwe wapi. Kijiwaya cha TV moja, au kile cha bei rahisi cha dukani, kinaweza kuweka picha mahali ambapo TV yako inatarajia sauti.

Dalili zake huzikosi. Unapata sauti bila picha, picha bila sauti ya upande mmoja, au mngurumo wa kukera unaobadilika kila picha inapobadilika. Hiyo ni picha inayoingia kwenye spika. Kabla ya kutafuta kijiwaya kingine, cheza na rangi: njano ya dikoda ijaribu kwenye nyekundu ya kijiwaya, na nyekundu kwenye njano. Haikuleta, jaribu njano na nyeupe. Mara nyingi moja kati ya mipangilio hiyo hufaulu, na hakuna kinachoharibika. Ikiwa hata mmoja haufaulu, kijiwaya chako kimeweka njia ya kurudi mahali tofauti na TV, na hapo ni lazima upate cha TV hiyo. Unaponunua, beba cha zamani au picha ya lebo ya nyuma ya TV.

Angalia pia pini imeingia hadi mwisho. Plastiki nene ya kichwa hugonga mwili wa TV, pini ikabaki nje kidogo, na hapo sehemu zote nne zinasogea nafasi moja. Kata plastiki hiyo kidogo kwa wembe.

Waya wa antena kutoka dikoda hadi TV

Njia hii hutumiwa na wanaopeleka picha hadi TV ya chumba cha kulala kwa waya mrefu, au wenye TV isiyo na AV. Dikoda hujigeuza kituo kidogo cha analogi, nawe unaitafuta kwenye TV kama chaneli ya UHF. Ukiona picha nzuri huku spika zikitoa mchemko kama wa maji jikoni, usihangaike na waya. Mfumo wa sauti haulingani.

Kenya ilirusha analogi kwa mfumo wa PAL B/G, ambapo sauti hukaa megahezi 5.5 juu ya picha. Afrika Kusini na Uingereza zilitumia PAL I, megahezi 6. Kuna pia D/K, megahezi 6.5. Dikoda ikitoa kwa I na TV ikisikiliza B/G, TV inatega sikio mahali pasipo na mtu. Kwenye menyu ya TV tafuta Sound System na uzungushe B/G, I na D/K huku ukisikiliza. Mchemko utakatika ghafla na sauti kuingia. Au badilisha upande wa dikoda, kwenye mipangilio ya RF (tundu la waya wa antena), kama menyu yake inaruhusu. Kisha hifadhi chaneli. Usitarajie stereo kwa njia hii.

Monita na vibadilishi

Wanaokaa bedsita hutumia monita ya kompyuta kama TV, na hapo sauti ina sababu nyingine za kukosekana. Monita nyingi hazina spika hata kama zina HDMI. Huwa na tundu la hedifoni nyuma. Chomeka spika hapo. VGA, tundu la picha la monita za zamani, haibebi sauti kabisa. Kibadilishi cha HDMI kwenda VGA kizuri huwa na kitundu cha milimita 3.5 ubavuni, na sauti hutoka hapo na si kwingine. Ukichukua kisicho na kitundu hicho umenunua picha peke yake.

Kwa TV ya zamani na dikoda mpya yenye HDMI tu, kuna kile kisanduku kidogo cha kugeuza HDMI kuwa AV. Mambo matatu: kinakwenda upande mmoja pekee, kwa hivyo soma kilichoandikwa juu yake, HDMI2AV na AV2HDMI ni vitu viwili, kinahitaji umeme wa volti 5 kupitia waya wa USB, na kisipoupata wa kutosha hufanya kazi nusunusu, na hakifungui Dolby. Weka dikoda kwenye PCM kabla hujakirudisha dukani ukidai ni kibovu.

Sauti kupitia wufa

Nyumba nyingi za Nairobi sauti haitoki kwenye TV hata kidogo. Inatoka kwenye wufa. Wufa huongeza kiungo kimoja, na kiungo hicho kina swichi yake. Kabla ya yote angalia wufa iko kwenye AUX, si Bluetooth, USB wala FM. Stima ikipotea, wufa nyingi hurudi kwenye Bluetooth zinapowaka, na hiyo ndiyo sababu ya kimya cha asubuhi baada ya usiku wa giza.

Njia bora ya kuunganisha ni kutoka TV kwenda wufa, ili kila kinachochezwa kwenye TV kisikike. Tumia tundu la hedifoni la TV na waya wa pini moja ya milimita 3.5 unaogawanyika kuwa nyeupe na nyekundu. Sauti itapandishwa na rimoti ya TV. Kama TV ina tundu la Optical tu, utahitaji kisanduku cha kugeuza mwanga kuwa analogi. Taa nyekundu ikionekana kwenye ncha ya waya na bado hakuna sauti, huenda TV inatuma Dolby; ibadilishe iwe PCM kwenye menyu ya TV. Na uvue vile vifuniko vidogo vya plastiki vinavyokuja kwenye ncha za waya mpya, maana hupitisha mwanga wa kutosha kukudanganya lakini si wa kutosha kubeba sauti.

Wenye sauti-bari iliyochomekwa kwa HDMI wahakikishe wametumia tundu la TV lililoandikwa ARC. Matundu mengine hupokea tu, hayarudishi sauti. Kwenye menyu washa pia CEC, inayowezesha vifaa kuamrishana kupitia HDMI, ambayo kila kampuni imeipa jina lake: Anynet+ kwa Samsung, SimpLink kwa LG.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma hata sauti ikiwa chini, ni tofauti ya umeme kati ya vifaa, hasa pale waya wa kampuni ya TV ya waya au wa dishi unapogusana na ardhi mahali pengine. Chomeka TV, dikoda na wufa kwenye ekstensheni moja. Usithubutu kukata pini ya ardhini ya plagi ili kuuondoa. Mvumo utaisha, lakini pia ulinzi wa uhai wako.

Wufa pia ndiyo njia ya kujinasua bandari inapokuwa na matatizo. HDMI ikitoa picha lakini imekataa katakata kutoa sauti, iache ibebe picha, kisha chukua nyeupe na nyekundu kutoka matundu ya AV ya dikoda uzipeleke wufa. Dikoda nyingi hutoa sauti pande zote mbili kwa wakati mmoja. Waya ni wa shilingi mia chache, na mechi ya jioni haikupiti. Sauti ikitangulia midomo kidogo, tafuta Audio Delay kwenye dikoda.

Ikibidi fundi

Kurudisha dikoda kwenye mipangilio ya kiwandani kuwe kwa mwisho kati ya mambo ya kufanya mwenyewe. Kunafuta chaneli ulizopanga, kunalazimisha kutafuta upya, na kwa dikoda zinazorekodi kunaweza kuondoka na ulivyorekodi. Kabla ya hapo ruhusu sasisho la programu kama dikoda inaliomba.

Usiifungue mwenyewe. Umeme wetu wa volti 240 hugeuzwa ndani kuwa takriban volti 340 za umeme wa moja kwa moja (DC), na kapasita kubwa huweza kuzishikilia hata baada ya kuchomoa. Isitoshe, kuvunja kibandiko cha warantii kunakuondolea haki ya kubadilishiwa.

Ukienda kwa fundi, usimwambie tu kwamba TV haina sauti. Mwambie umepima nini: flashi inasikika au haisikiki, AV inasikika huku HDMI haisikiki, au hedifoni inasikika huku spika hazisikiki. Hilo la mwisho linamaanisha spika zimeungua au kikuza sauti cha ndani kimekufa, na spika ndizo rahisi. Zikibadilishwa, mpya ziwe na omu (kipimo cha ukinzani) sawa na zilizoandikwa mgongoni mwa zile za zamani, na wati zisizopungua. Omu zikiwa chache kuliko zinazotakiwa, kikuza sauti kitapata joto na kufa baada ya muda, nawe utarudi kulipia kitu kikubwa zaidi. Beba dikoda, rimoti yake na waya wako unapokwenda kuchukua TV, uziunganishe palepale kwenye meza ya fundi, na usilipe kabla hujapitia chaneli ya kawaida, ya HD, na flashi.